Ercilia na Makufuli Arobaini na Moja

Mtu mwenye haraka hawezi kumpenda Ercilia Guaquinchay, na mimi nimekuwa na haraka tangu nizaliwe. Yeye ndiye mgawa maji wa mfereji wetu. Kila shamba la mizabibu lina lango lake la bati zito, kila lango lina mnyororo, kila mnyororo una kufuli, na funguo zote arobaini na moja ziko kiunoni mwa Ercilia, zimefungwa nyuzi za sufu za rangi tofauti. Zamu yako ikifika, mara moja kila siku nane, anakuja na pikipiki yake, anafungua kufuli, ananyanyua lango, anaondoka. Ikiisha anarudi kufunga. Kama hukuwa tayari, shauri yako. Dakika iliyokupita imekupita, na maji yameshateremka kwa jirani.

Kazi hii aliipata kwa mlango wa nyuma. Aliyekuwa mgawa maji ni mumewe, Rosendo. Majira fulani ya baridi Rosendo akaugua kifua, basi Ercilia akavaa koti la mumewe na kofia ya mumewe, akazunguka na funguo. Watu wa mashamba ya juu walikaa miezi miwili wakisema Rosendo amepungua, labda ni minyoo. Rosendo alipofariki, chama cha watumia maji kilifanya mkutano kutafuta mwanaume. Kikampata, kijana wa watu, ana misuli. Ilikuwa Agosti, baridi ya kukata masikio, na wiki ya kwanza tu yule bwana akavunjia funguo ndani ya makufuli manne. Wiki ya pili wakabeba kile kitita cha funguo mpaka mlangoni kwa Ercilia. Akakipokea, akawaambia, "Msije tena kuniomba niwarudishie." Huu ni mwaka wa ishirini na mbili, na hakuna aliyemwomba.

Siri yake si siri, maana anamwambia kila mtu na hakuna anayesikiliza. Kila mwaka mifereji inapokatwa maji ili ifagiliwe tope, yeye anayafungua makufuli yote, anayapeleka nyumbani kwa gunia, anayaosha kwa mafuta ya taa, anayapanga juu ya jiko la kuni yakauke. Halafu anachonga penseli kwa kisu na kuupuliza ule unga mweusi ndani ya tundu la ufunguo. Huo tu. Oili hataki hata kuisikia. "Vumbi letu likikutana na mafuta linakuwa ugali," anasema. Kila kufuli amelivalisha aproni ya mpira, kipande cha tyubu ya baiskeli kinachoning'inia mbele yake kuzuia vumbi na matone, na kila kufuli linakaa tundu likitazama chini, ili maji yasipate pa kulala na kuganda. Ukimkuta kwenye lango anazungumza na kufuli, usishangae. Mimi nilikuwa nacheka.

Sasa niseme habari zangu. Naitwa Nazareno Pizzolato, lakini hapa hata padri ananiita Mnene. Nina hekta tatu za mizabibu alizoacha baba. Mwaka juzi zilipigwa na mvua ya mawe, nusu ikaenda. Mwaka jana mawe tena, ikaenda yote. Kuna bwana mmoja mwenye viatu visivyo na tope amekuja mara mbili, anataka kununua ajenge nyumba zenye mabwawa ya kuogelea. Mimi na mke wangu Odilia tulikaa mezani tukakubaliana: mwaka huu wa tatu ukipita bila zabibu, tunatia saini. Odilia alisema hivyo bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Kwa hiyo Oktoba ilipofika, machipukizi yana urefu wa kidole na vishada vidogo vinachungulia, nilikuwa nikiyahesabu kama mtu anayelinda mayai.

Zamu yangu ya kwanza ya Oktoba, kufuli langu lilisitasita. Ercilia aliuingiza ufunguo, akautoa, akaupuliza, akauingiza tena. Mimi nimesimama juu yake na koleo.

"Doña Ercilia, nikuletee kiti?"

"Niletee ukimya, Mnene."

"Maji yangu yanapita hivyo. Dakika ya tatu hiyo."

"Kufuli limechoka. Zamu ijayo nitakuja na jingine, hili nikalioshe." Likafunguka, akalinyanyua lango, akanigeukia. "Na wewe usiliguse. Umesikia? Usiliguse."

Nilisikia vizuri sana. Lakini kesho yake asubuhi kulidondoka matone mawili ya mvua, na nyumba yoyote ya huku ikiona matone mawili inakaanga maandazi. Odilia akakaanga. Kikaangoni yakabaki mafuta ya ng'ombe, ya moto, masafi, yanang'aa. Nikayatazama, nikalifikiria lile kufuli, nikajiona nina akili kuliko mgawa maji. Nikachukua upawa mmoja mpaka langoni, nikaikunja ile aproni ya mpira na kuifunga juu kwa waya isinisumbue, nikaligeuza kufuli na kumimina tunduni mpaka yakafurika. Ile aproni sikuishusha. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumanne ikavuma Zonda. Upepo ule unashuka milimani ukiwa wa moto, umebeba vumbi laini kuliko unga wa ngano, na kwa siku mbili hakuna mtu anayezungumza vizuri na mwenzake. Odilia alifunga madirisha kwa taulo zilizoloweshwa, na bado tulikula mchanga kwenye supu. Alhamisi saa sita mchana ukakatika ghafla. Ukatulia kabisa, halafu ukageuka, ukaanza kutoka kusini, wa baridi. Nilikuwa uani na shati tu. Nikarudi ndani kuvaa sweta, na redio ikasema: jalidi alfajiri, nyuzi tatu chini ya sifuri.

Odilia akazima redio.

"Zamu yetu ni leo," nikamwambia.

"Najua ni leo. Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Nimeshaomba."

Ni bahati ambayo mtu anaipata mara moja. Udongo ulioshiba maji hushika joto la mchana na kulitoa polepole alfajiri, na nyuzi mbili za joto unazoongeza ndizo zinazookoa chipukizi. Shamba kavu linaungua, shamba lenye maji linapona. Na mimi, kati ya watu wote wa mfereji, zamu yangu inaangukia siku hiyo hiyo, kwa muda wa saa mbili na nusu, mpaka saa mbili kasoro dakika kumi usiku. Zinatosha mistari yote kuanzia juu mpaka chini, bila dakika ya kutupa. Nikaizibua mitaro yangu yote kwa koleo mpaka mikono ikatoka malengelenge, nikaenda langoni nusu saa mapema, nikasimama hapo.

Ercilia alifika saa kumi na moja na dakika kumi na nane, kofia imejaa vumbi. Alikuwa amezunguka tangu alfajiri, na begani alikuwa na kufuli jingine kwenye mfuko, kama alivyoahidi. Hakunisalimia. Aliiona ile aproni iliyofungwa juu kwa waya, akanitazama, akachuchumaa. Ufunguo ukaingia nusu, ukagoma.

Akautoa. Ncha yake ilikuwa na kitu cheusi, kizito. Akajaribu tena. Nusu ile ile.

Maji yalikuwa yanafika. Nilikuwa nayaona yakija kwenye mfereji, ya kahawia, na yakapita mbele ya lango langu lililofungwa yakiteremka kwa Abdón Lucero, jirani yangu wa chini.

"Fungua, mama," nikasema.

"Ninafungua."

"Nilete nyundo?"

"Ukiligonga, shaba inabonyea na ufunguo hauingii tena mpaka siku ya kiama."

"Basi nalikata! Nina msumeno wa chuma."

"Upinde wake ni chuma kigumu, Mnene, utakata mpaka Krismasi. Na ukilikata unapoteza zamu mbili, hiyo kanuni uliipigia kura mwenyewe. Nyamaza nifikiri."

Sikunyamaza. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilisema makufuli yake ni takataka, nilisema wangeajiri kijana, nilisema mwanamke mzima anachonga penseli kama mtoto wa chekechea huku shamba la baba yangu linakufa. Yote hayo nayasema, na huku moyoni najua ni nini kilichomo mle tunduni. Aibu ikizidi kwangu inageuka kelele. Yeye alibaki amechuchumaa. Nikaona anaitazama mikono yake miwili, mgongo na kiganja, kama mtu aliyepewa mikono ya mtu mwingine. Hapo nikanyamaza. Lakini kukiri bado sikukiri.

Saa kumi na moja na nusu akatokea Abdón Lucero, anapanda kwa miguu kando ya mfereji, chupa ya chai kwapani, na mkononi kibuyu cha yerba, yale majani ya huku yanayonywewa kama chai. Yule mtu hajawahi kuonekana bila vitu hivyo viwili, na hajawahi kumkaribisha mtu. Ndiye aliyemshtaki ndugu yake wa tumbo moja mkutanoni kwa ajili ya dakika sita za maji.

"Maji yananifikia mapema," alisema. "Nikasema nije nione. Mnene amekufa?"

"Bado," nikajibu.

"Kufuli limekwama, Don Abdón," Ercilia akasema. Akanusa ncha ya ufunguo, akanyanyua kichwa. "Hiyo chupa ina maji ya moto?"

"Ina maji ya yerba."

"Nipe."

"Ni ya yerba," Abdón akarudia, akaikumbatia. "Nimeyapasha sasa hivi. Hayajachemka hata kidogo, yako pale pale panapotakiwa."

"Don Abdón, wewe unapata maji ya Mnene tangu dakika kumi zilizopita na hujayaomba. Nipe chupa."

Nilimwona mzee yule akipigana na nafsi yake. Akaitoa.

Ercilia alilishika kufuli kwa kitambaa, tundu likitazama chini, akaanza kumimina juu yake polepole, mvuke ukamfunika uso. Kwanza hakikutoka kitu. Halafu likadondoka tone moja jeusi, halafu la pili, halafu ikaanza kuchuruzika tope nene lenye macho ya mafuta. Na harufu ikapanda. Baridi ile, uwanja ule mtupu, na sisi watatu tumezungukwa na harufu ya jikoni.

Abdón akanusa mara mbili. "Maandazi," akasema.

Akalisogelea kufuli, akanusa tena.

"Kufuli linanukia maandazi. Au ni mimi tu?"

"Si wewe tu," Ercilia akasema bila kunitazama. "Mnene, ulilikaanga?"

"Ni mimi, Doña Ercilia. Upawa mmoja. Nilidhani nasaidia."

"Upawa mzima!"

"Mzima."

Nilingoja anitukane. Nilitaka kabisa anitukane, ningepata nafuu. Badala yake niliona mabega yake yanashuka, na uso wake ukalegea kama mtu aliyeondolewa mzigo. "Asante Mungu," akasema. "Nilidhani ni mimi. Nilidhani mikono imezeeka." Akaendelea kumimina.

Hapo nilijisikia mdogo kuliko nilivyowahi kujisikia, na kwa umbo langu si jambo rahisi.

Maji ya yerba yalikwisha. Akalikung'uta kufuli kwenye goti, akapuliza, akauingiza ufunguo. Robo tatu. Akautoa, akaufuta kwenye sketi, akaurudisha, akautikisa kwa vidole viwili tu, huku analinong'oneza kitu ambacho sikukisikia. Abdón alikuwa ameshika kofia yake kifuani. Nikasikia mlio mdogo, na upinde ukaruka.

Nikalirukia lango mwenyewe. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini na saba. Maji yakaingia kwenye mtaro wangu yakisukuma majani makavu mbele, na mimi nikakimbia nayo nikiwa na koleo, nikiyaelekeza mstari baada ya mstari, unene wangu wote huo, na Odilia upande wa pili anafanya vivyo hivyo na jembe. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Lakini hesabu ni hesabu. Dakika ishirini na saba zilikuwa zimekwenda, na ilipofika saa mbili kasoro dakika kumi, jua limezama na pua zinauma, mistari sita ya chini ilikuwa bado mikavu. Ercilia alirudi kufunga, lile kufuli jipya mkononi. Abdón alikuwa naye, kwa sababu zamu iliyofuata ilikuwa yake. Nilisimama kwenye tope. Ningesema nini? Maji yaliyopita yamepita, mimi mwenyewe nimewafungia wengine lango kwa kanuni hiyo hiyo.

Abdón alitazama mistari yangu, akatazama maji, akajikuna shingo.

"Doña Ercilia," akasema, "saa yako inasemaje?"

"Saa mbili kasoro dakika kumi."

"Angalia vizuri. Naona kama inakwenda mbele."

Ercilia aliinua mkono, akaitazama saa yake kwa muda mrefu. "Kweli," akasema. "Inakwenda mbele dakika ishirini na saba. Ile Zonda inaharibu kila kitu."

"Basi nitangoja," Abdón akasema, akakaa kwenye ukingo. "Ila mtu aniletee maji ya moto. Ya moto, yasichemke."

Odilia alikimbia nyumbani. Mimi nikakata mtaro wa mwisho na maji yakaenda mpaka ukingo wa chini.

Hatukulala vizuri. Alfajiri nilitoka, dunia yote nyeupe, majani ya kando ya njia yanavunjika chini ya viatu. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka ardhini mwangu kati ya mizabibu. Sikuthubutu kugusa chochote mpaka jua lilipotoka, maana chipukizi lililoungua halijulikani gizani. Linanyauka na kuwa jeusi likiota jua. Nikasimama nikingoja. Jua likapanda, likapiga mstari wa kwanza, ukabaki kijani. Likafika mstari wa pili, wa tatu, yote kijani. Nikakagua mche kwa mche mpaka mstari wa chini kabisa, ikafika saa nne asubuhi. Kwenye kona moja, karibu na barabara, miche minne hivi ilikuwa imenyauka. Minne. Nilikaa chini kwenye tope la baridi na nikalia kwa sauti, wala sikujali nani ananiona.

Aliyeniona ni Ercilia. Pikipiki alikuwa ameiacha barabarani, amekuja kwa miguu mpaka langoni, na hapo alisimama. Koti ni lile la jana. Uso wa kijivu. Mkono umeushika mnyororo, na haingii.

"Niambie tu, Mnene," akasema. "Usinizungushe."

Nikaelewa anachokiona: mtu mzima kwenye tope, analia. Nikanyanyuka haraka nilivyoweza.

"Yamepona, Doña Ercilia. Yamepona yote, imekufa miche minne tu. Mpaka chini."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

Akaushika mnyororo kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa, na sikujua kama anacheka au vipi. Halafu akaniambia kwamba tangu jua lilipochomoza alikuwa amepita mashamba yote arobaini, moja moja, kuuliza. Kwa wengine yameungua, kwa wengine nusu, waliokuwa na maji karibu wote salama. Hufanya hivyo kila baada ya jalidi, miaka yote ishirini na miwili, na mimi sikuwahi kujua, kwa sababu miaka mingine alipokuja kuuliza nilidhani anapita tu na nikamjibu bila kuinua kichwa.

"Kwako nimekuja mwisho," alisema. "Nilipita hapa mara mbili na sikusimama. Niliogopa."

"Uliogopa nini, na kosa lilikuwa langu?"

"Kosa lako, sawa. Lakini ufunguo ulikuwa mkononi mwangu."

Nikamfungulia kijilango cha kuingilia shambani, nikamshika mkono kuvuka mtaro, naye akaanza kutembea kati ya mizabibu, anashika machipukizi kwa vidole vile viwili, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilimfuata nyuma polepole mpaka tukamaliza shamba lote, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na haraka ya kwenda popote.